Komwe la Pindoni

Mzee Awadhi ni mshona magunia. Hukaa kibarazani pa duka la nafaka la Anselmi, ambaye wateja humwita Mangi, Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, na shazia mkononi, ile sindano nene ya chuma yenye ncha bapa. Gunia likishapimwa, yeye hulifunga mdomo. Maharage, choroko, kunde, mbaazi, dengu, vyote vimepita magotini pake tangu duka likiwa la baba yake Anselmi. Hakusoma, na si msemaji. Msalimu kwa maneno kumi, atakurudishia mawili, na moja katika hayo ni alhamdulillahi.

Maneno ya nyumba yake alikuwa nayo mkewe.

Mkewe aliitwa Mwanamkuu. Wacheza bao wote, kutoka Gerezani mpaka Jangwani, walimjua kwa kitu kimoja: makomwe. Bao bila komwe ni ubao tu wenye mashimo. Na makomwe mazuri, yenye uzito mmoja na ukubwa mmoja, yalitoka nyuma ya nyumba ya Awadhi, nyumba ya urithi ambayo sasa imebanwa na maghorofa kama mtoto katikati ya watu wazima. Huko nyuma, juu ya ua wa mabati, kulikuwa na mkomwe umetambaa.

Mkomwe si mti wa kumpendeza mtu. Ni kichaka kipandaji, kimejaa miiba mpaka mgongoni mwa majani, na miiba yenyewe imepinda kama kucha za paka. Kuingia utaingia. Kutoka ndiyo kazi. Maua yake ni ya njano, madogo, yamepangana kwenye mkia mmoja, na nyuki huyapenda. Ua likianguka hutokea tunda.

Anselmi aliliona tunda hilo siku aliyokuja kumjulia hali Awadhi alipoumwa mgongo. Alisimama uani, mikono nyuma, kama anayeogopa kung'atwa.

"Shemeji, hiki ni nini? Nungunungu kazaa mtini?"

"Ni ndugu wa maharage yako hilo," akasema Mwanamkuu.

"Usinitukanie biashara."

"Sikutukani. Ganda la maharage si lina pande mbili? Likikauka si linapasuka kwenye mshono? Na hili hivyo hivyo. Ila la kwako ni refu na jembamba, kama kidole cha mgonjwa. Langu ni fupi, limenenepa, na limevaa silaha."

"Na ndani?"

"Mbili. Mara nyingine moja. Hawa si watu wa kuzaa ovyo kama kunde zako."

Mwanamkuu aliposema hivyo, Anselmi alitazama chini, maana alijua kwamba Awadhi na Mwanamkuu hawakujaliwa mtoto. Mwanamkuu akacheka. Yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kulisema. Miaka ya nyuma, watu walipokuwa bado hawajachoka kuulizauliza, alimfungulia mumewe ganda moja kiganjani, yakatoka makomwe mawili. "Sisi hawa," alimwambia.

"Na ganda?" Awadhi aliuliza.

"Ganda ni nyumba."

"Na miiba?"

"Miiba ni mimi."

Alikuwa na namna yake ya kuvuna. Hakuchuma. Ganda likiwa bichi, mbegu ndani yake ni ya kijani na laini, unaweza kuitia ukucha. Ukiitoa wakati huo hunywea, hujikunja kama sikio la mzee, na bao halina haja nayo. Mwanamkuu alingoja. Ganda hugeuka kahawia, miiba yake inakauka, na mbegu nayo huko ndani inaacha ukijani taratibu, inapauka, inakuwa na rangi ya risasi. Siku ikifika ganda hujifungua lenyewe. Halianguki. Linabaki mtini limeachama, na makomwe yake mawili yameshika ukingoni, kila moja kwa kikonyo chake kifupi, mpaka upepo uje. Hapo ndipo alipokwenda na koleo ya jikoni, akayatoa mdomoni mwa ganda moja moja, kama mtu anayemtoa mtoto kijiwe kinywani.

Kisha aliyachagua. Komwe zima ni gumu kama jiwe la mto. Linang'aa bila kupakwa kitu. Ukilisogeza karibu na jicho utaona mistari myembamba imelizunguka, kama nyufa za chungu cha zamani, na kidoa cheusi pale liliposhikana na ganda. Mwanamkuu alilitikisa sikioni. Kila komwe lina sauti kidogo, kwa kuwa kiini hakijai nyumba yake, na kwa uwazi huo komwe huelea. Bahari hulibeba, likaenda kuota ufuko mwingine. La kwanza kabisa, mama wa mkomwe ule, Mwanamkuu aliliokota akiwa msichana kwenye takataka za maji kujaa, pale Kivukoni. Hakujua lilitoka wapi. "Limekuja kama walivyokuja babu zetu," alipenda kusema, "na wala hatukuulizana kabila." Basi akisikia komwe linacheza mno aliliweka kando. Hilo ni jepesi, litamdanganya mchezaji mkononi. Mazuri aliyatia kwenye kimfuko cha kitambaa, akawapelekea wazee wa barazani, na wao walimletea walichonacho: chumvi, dagaa, dua.

Lakini komwe lina jambo jingine, na hili watoto wa Pwani wanalijua. Ukilisugua kwenye sakafu ya saruji, kwaru kwaru kwaru, linapata moto upesi sana. Linakaa nao moto huo, linangoja ngozi.

Awadhi alimjua mkewe kwa moto huo. Walikuwa watoto wa mtaa mmoja. Siku moja bombani Awadhi alipitisha ndoo yake mbele ya ndoo za wengine, akajifanya anatazama juu. Kitu kikamuunguza shingoni, nyuma, chini ya kisogo. Akaruka, akamwaga maji, akalia mbele ya watu. Alipogeuka aliona kisichana chembamba kimeshika komwe kwa vidole viwili.

"Rudi nyuma kwenye mstari," kikamwambia.

Akarudi. Miaka ilipopita akamposa.

Na ndani ya ndoa yao moto huo haukuzimika. Awadhi ana kununa kwa watu wa kimya. Hagombi, anajifunga tu kama gunia, siku nzima, siku mbili. Mwanamkuu alimwacha kwanza. Halafu alifungua pindo la kanga yake, akatoa komwe, akachuchumaa ukumbini. Kwaru kwaru kwaru. Awadhi chumbani alisikia, na kabla mlango haujasukumwa alikuwa anapiga kelele, "Nasema! Nasema!" Kicheko cha nyumba ile kilikuwa ni hicho.

Komwe lile halikukaa kwenye bao. Lilikaa pindoni, limefungwa fundo, likihama kutoka kanga hadi kanga. Kwa kusuguliwa miaka mingi lilikuwa limepata bapa upande mmoja, limepoteza mng'ao pale.

Mwanamkuu alifariki wakati wa masika, mwaka ambao maji ya Jangwani yaliifunga barabara na waliokuja kuzika ilibidi wazunguke. Hakuumwa sana. Alisema amechoka, akalala, na kilichofuata ni cha Mungu.

Mwanamke akifiwa ana eda. Ana watu wa kumwambia akae wapi, avae nini, mpaka lini. Mwanamume hana. Kesho yake anaambiwa "jikaze, mzee wangu," na keshokutwa wanamtazama kama bado yupo pale pale. Awadhi alijikaza. Alirudi kwenye shazia yake. Anselmi alimkuta amekaa kibarazani kabla duka halijafunguliwa, akamletea chai.

Baada ya arobaini, nguo za marehemu ziligawiwa kama inavyotakiwa. Salma, binti wa mdogo wake Mwanamkuu, ambaye anakaa chumba cha mbele na kukaanga samaki wa kuuza, ndiye aliyezikunja na kuzitoa. Kanga moja Awadhi aliiomba. Ile aliyokuwa nayo siku ya mwisho. Salma alimpa ikiwa imekunjwa, naye hakuikunjua. Aliona akiikunjua harufu itatoka. Aliilaza chini ya mto wake, na kabla ya kulala aliweka uso hapo. Hakumwambia mtu.

Komwe la moto alilitafuta. Alitazama chini ya kitanda, kwenye mikeka, kwenye kopo la vifungo. Hakuliona. Akadhani wale waliofagia chumba siku ya msiba wamelifagia nalo.

Ulikuwepo mkomwe bado. Ulitoa maua, ukatoa maganda, ila Awadhi hakuwa na moyo wa kuvuna. Maganda yaliachama juu ya ua, yakaangusha makomwe kwenye mchanga, naye aliyaokota akayatia kwenye mashimo ya bao la nyumbani, akayaacha humo. Lakini asubuhi alitoka na kuutazama. Kaburi ni udongo. Harufu ya kanga ilikuwa inapungua kila siku, na alilijua hilo. Kitu cha Mwanamkuu kilichokuwa hai, kinachokula na kunywa na kuzaa, kilikuwa kile kichaka cha miiba.

Halafu jirani akaanza ghorofa.

Ua wa mabati ulikuwa wa watu wawili, na ulipaswa kuondoka ujengwe wa matofali. Awadhi aliambiwa, akakubali, akasema mkomwe atausogeza mwenyewe kwa kamba kabla. Ijumaa akaenda msikitini. Mafundi hawakungoja. Aliporudi alikuta mapanga yamepita, mizizi imeng'olewa, na moshi mweusi unatoka kwenye lundo.

Msimamizi wao, Hillary, alikuja mbio akifuta mikono.

"Shikamoo mzee. Samahani, tuliona ni miiba tu, tukasema tukusaidie kabisa."

"Marahaba," Awadhi akasema. Alitazama moto kidogo. "Kweli ni miiba."

Siku hiyo hakula.

Kesho yake alichukua makomwe kwenye bao. Alichagua yaliyo mazuri kama alivyomwona mkewe akichagua, yanayong'aa, yasiyo na ufa. Akatafuta ndoo tupu ya rangi, akaitoboa chini, akajaza mchanga na samadi, akayafukia. Akamwagilia. Mwezi ukaandama, ukafifia, ukaandama tena. Hakuna kilichotoka.

Kibarazani walimcheka, kwa upendo.

"Komwe la bao halioti, Awadhi," mzee mmoja mcheza bao alimwambia. "Limeliwa mara ngapi hilo? Limeshakufa."

"Mzee wangu umepanda kokoto," Anselmi naye akasema. "Ngoja mvua ikinyesha zitaota nyumba."

Awadhi alishona gunia lake. Jioni alichimba ndoo kwa kidole, akalitoa moja. Lilikuwa vile vile. Linang'aa, gumu, kavu chini ya vumbi, kama lililotoka mdomoni mwa ganda saa ile. Halikuoza wala halikuota. Udongo haukulijua, wala lenyewe halikuujua udongo. Akalirudisha. Akaanza kuamini kwamba mkomwe wa Mwanamkuu umeisha.

Ghorofa la jirani lilipanda. Siku ya kumwaga zege la juu, mbao zilivuja upande wa Awadhi. Uji wa saruji ukapita kwenye bati kuukuu, ukadondoka chumbani, juu ya kitanda, juu ya mto, ukaingia mpaka chini. Awadhi aliporudi kutoka kazini alikuta kanga imelowa kijivu.

Saruji haimngoji mtu. Ikikauka kwenye nguo, nguo imekwisha. Hakufikiri. Alichota maji, akaitumbukiza kanga ilivyo, imekunjwa, kwenye beseni. Maji yakawa kama maziwa. Akayamwaga, akatia mengine. Akaitumbukiza tena. Ndipo alipotambua alichofanya. Harufu aliyoilinda miezi yote ile imeingia kwenye maji, na maji ya kwanza ameshayamwaga uani.

Aliliacha beseni pale. Hakuweza kulirudia. Alilifunika kwa ungo, akaenda kuketi mbele. Siku ikapita. Ya pili ikapita. Salma alipita na ndoo yake ya samaki, akaona, akaelewa nusu, akaendelea zake.

Asubuhi ya siku ya tatu, baada ya swala ya alfajiri, jua likiwa linachomoza, alilifunua. Alijiambia anaisuuza tu, anaianika, basi. Akaitoa kanga, akaikunjua kwa mara ya kwanza. Maua yake mekundu yalikuwa yamesalimika. Alipofika kwenye pembe mkono wake uligusa fundo.

Mwanamke yeyote wa mji huu, hata awe na haraka namna gani, haloweki kanga kabla hajapapasa mapindo. Awadhi hakupapasa. Nani angemfundisha? Kufua kulikuwa kwa Mwanamkuu.

Alilifungua fundo kwa meno.

Kilichokuwa ndani hakukijua mara moja. Kilikuwa kikubwa kama yai la njiwa, rangi ya kahawia iliyochuja, laini, kinateleza. Ngozi yake imepasuka kwenye ile mistari myembamba, na ndani panaonekana weupe. Akakigeuza. Upande mmoja kulikuwa na bapa.

Alikaa chini pale pale uani. Alikuwa amelipata, na papo hapo amelipoteza. Komwe la moto halina moto tena. Lisugue sasa, litapondeka kama haragwe lililochemka. Alilifunga kwenye leso yake, akatoka nalo hivyo hivyo, hajavaa kofia, mpaka Mkunguni.

Anselmi alikuwa anafungua milango ya chuma.

"Mzee shikamoo. Mbona kichwa wazi? Kuna usalama?"

"Marahaba. Tazama."

Anselmi aliitazama leso, akalichukua lile komwe kwa vidole viwili, akalisogeza kwenye mwanga.

"Hili ni komwe? Mbona limekuwa hivi?"

"Lililowa. Nataka kulianika. Likauke, lirudi."

"Halirudi, mzee."

"Jua likiwa kali."

"Mzee Awadhi, wewe umeshona magunia yangu miaka yote hii. Gunia la choroko likinyeshewa njiani, zikaanza kutoa vimkia, tumewahi kuzianika zikarudi kuwa choroko?"

Awadhi alitazama juu, kwenye jua.

"Tulizitupa," akasema Anselmi. "Mbegu ikishakunywa maji haina njia ya kurudi. Ukiianika unaiua. Hili limeamka. Lipande leo, usingoje kesho."

"Likioza?"

Anselmi alikuwa na jibu la mzaha tayari, ungeliona mdomoni mwake, lakini akalimeza. Alikuwa amemtazama mzee machoni. "Likioza, litakuwa limeoza. Sitakudanganya."

"Sina jingine lake. Hili ndilo alilolishika."

"Najua, mzee wangu."

Alipitisha kidole gumba kwenye lile bapa, akaona pale ngozi ilivyokuwa nyembamba kama ukucha wa mtoto. "Mbona huku limelika? Nani alilisugua?"

"Mwanamkuu."

"Kwa nini?"

"Kunichoma mimi."

Anselmi alicheka kwa nguvu, wapagazi wakageuka. Kisha akaacha kucheka ghafla, akalitazama tena lile bapa, akamtazama Awadhi, akalirudisha kwenye leso kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha msikitini.

"Nenda nyumbani, mzee. Magunia ya leo nitashona mimi."

"Wewe, Mangi? Utajishona vidole."

"Nitajishona. Nenda."

Awadhi akaenda, taratibu, na leso mkononi. Ukimwona ungedhani amebeba yai. Njia nzima alikuwa anashindana na nafsi. Akilitia udongoni na lisiote, basi amemzika mkewe mara mbili, na safari hii kwa mkono wake peke yake. Akilianika, atakuwa nalo: gumba, limenyauka, lakini la kushika. Atalifunga kwenye kanga ile ile. Atakufa nalo. Watu wangapi wana hata hicho?

Alifika uani. Aliifukua ndoo ya rangi, akayatoa yale makomwe mazima yote, akayaweka kando kwenye kifuu. Akatia mchanga mpya. Akachimba shimo kwa kidole. Alikaa sana na leso imefunguliwa juu ya goti. Jua lilianza kupanda na alipoona ile ngozi iliyopasuka inaanza kujikunja kwa ukavu pembeni, moyo ukamshtuka. Hata kungoja nako ni kulianika.

"Bismillahi," akasema, akalilaza. Bapa juu.

Akatia udongo konzi moja. Akatia ya pili. Akatia ya tatu, na mkono ukasimama hewani. Mkono ulikumbuka wenyewe. Konzi tatu ndizo alizotia makaburini, akiwa ameshikwa kwapani na watu. Yale maneno ya pale yakamjia mdomoni. Akayameza. Akachukua kata ya maji, jambo ambalo kaburini hakulifanya, akamwagilia, na hapo ndipo mambo mawili yalipotengana kichwani mwake.

Siku zilizofuata alikuwa mtu mgumu kukaa naye. Kunguru akitua ukutani, Awadhi anatupa kandambili. Salma akimwaga maji ya samaki karibu na ndoo, anaangaliwa mpaka anaomba radhi. Hillary alipita kupima ua mpya wa matofali, akaiona ndoo imezungushiwa vipande vya wavu.

"Mzee, unapanda miiba tena?"

"Ndiyo."

"Ya kuzuia wezi?"

"Ya kukuzuia wewe."

Hillary alicheka mpaka akakaa. Lakini alipojenga ua, pembeni mwa choo aliacha nondo mbili zimesimama juu ya matofali. Kitu kipandaji kingeweza kuzishika. Awadhi aliziona.

Mche ulitoka siku ambayo hakuutazamia, ana mafua, ameamka na hasira. Mchanga ulikuwa umepasuka. Kitu kilichojikunja kama mgongo wa mtu anayeinuka kutoka kwenye sijida kilikuwa kinasukuma, na ngozi ya komwe, kuukuu, yenye bapa, imebaki kando imefunguka. Awadhi aliinama. Alipokaribia kugusa alisita, halafu akagusa chini kabisa ya shina. Kitu kidogo kikamchoma kidole. Bado laini, lakini mwiba.

"Umefika," akauambia.

Hakumwita mtu. Alikwenda kwenye kifuu. Yale makomwe mazima yalikuwa humo, yanang'aa, hayana habari na dunia. Akalichukua moja. Akalitazama, mistari yake, kidoa chake cheusi, ngozi ile isiyopitisha hata unyevu wa ndoo nzima. Kisha akaingia ndani, akachuchumaa ukumbini, pale pale, kwenye sehemu ya sakafu iliyolainika kuliko nyingine, na akaanza.

Kwaru kwaru kwaru.

Salma alikuwa jikoni na samaki mkononi. Alisimama. Sauti hiyo hakuwa ameisikia tangu masika. Akatoka taratibu, kwa hofu kidogo, akamkuta mzee sakafuni, kanzu imekusanywa magotini, anasugua kwa mikono miwili.

"Baba mkubwa! Kuna nini?"

Awadhi alilinyanyua komwe. Lilikuwa na bapa dogo, jipya, limepauka. Alilipeleka nyuma, akaliweka shingoni mwake, chini ya kisogo. Aliunguzwa vizuri. Macho yakajaa maji.

"Nasema," akasema polepole. "Nasema."

Na akasema. Alimkalisha Salma chini na samaki wake, akamwambia habari ya bombani, ndoo aliyoipitisha mbele ya ndoo za watu, akamwambia kicheko cha watu, akamwambia kisichana chembamba kilichoshika komwe kwa vidole viwili. Alisema maneno mengi kuliko Salma alivyowahi kumsikia tangu amjue. Samaki mmoja alichukuliwa na paka, na hakuna aliyeinuka.

Alipomaliza alilitia lile komwe kwenye kikombe cha maji, bapa chini, linywe, akalitazama likielea. Akanyoosha mkono kwenye kifuu, akachukua jingine.